Serikali inanunua moshi: ruzuku za hewa safi za majimbo ya Marekani zinavyofanya kazi

Habari za ruzuku hizi huwafikia wenye malori zikiwa zimekatwa kichwa na miguu. "Jimbo linagawa malori mapya, peleka bovu lako upewe jipya." Anayeamini maneno hayo hukimbilia kwa muuza malori, husaini, huchukua gari, kisha ndipo huanza kutafuta fomu. Hapo ameshajitoa mwenyewe. Karibu programu zote za aina hii hukataa kulipia kitu kilichonunuliwa kabla ya mkataba wa ruzuku kusainiwa. Na hilo neno "bovu" nalo linapotosha: gari lisilotembea halilipiwi hata senti.

Masharti haya mawili huonekana kama ukorofi wa maofisa mpaka ujue kinachouzwa hapa ni nini. Serikali ya jimbo hainunui lori. Inanunua moshi ambao ungetoka na sasa hautatoka. Lori jipya ni njia tu ya kuupata mzigo huo. Ukiishika hoja hiyo, utaelewa kwa nini wanauliza masaa ya injini, kwa nini wanataka kumbukumbu za miaka miwili, na kwa nini wanaitoboa injini nzima ambayo fundi yeyote angeinunua kesho asubuhi.

Maneno ya kuanzia

Ruzuku ni fedha isiyorudishwa, almradi umetimiza ulichoahidi. Haina riba kama mkopo, wala si nafuu ya kodi inayokuja mwisho wa mwaka. Lakini ina mkataba, na mkataba una miaka yake. Mtu aliyepewa ruzuku ya trekta kwa miaka mitano akaliuza mwaka wa pili anaweza kudaiwa fedha ya miaka iliyobaki.

Uchafuzi unaolengwa ni wa aina mbili hasa. Ya kwanza ni oksidi za nitrojeni, ambazo wahandisi huziandika NOx. Wengi hudhani zinatokana na mafuta machafu. La hasha. Joto la ndani ya silinda likiwa kali vya kutosha, nitrojeni na oksijeni za hewa yenyewe huungana. Ndiyo maana hata dizeli safi kabisa huzitoa. Gesi hizi zikikutana juani na mvuke wa petroli, rangi na vimiminika vya viwandani, hutengeneza ozoni ya usawa wa ardhi. Hiyo ni gesi ileile inayotukinga na jua ikiwa juu angani, ila ikiwa chini huunguza mapafu. Pilipili ni tamu kwenye mchuzi, jaribu kuitia jichoni.

Aina ya pili ni masizi: chembechembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, wakati unywele wa binadamu una mikromita 70 hivi. Udogo huo huzifanya zipite puani na kooni zikatue ndani kabisa ya mapafu. California iliyaorodhesha masizi ya dizeli kuwa sumu ya hewa mwaka 1998.

Kwa nini jimbo lilipe badala ya kukataza

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya 1970 iligawa kazi. Serikali kuu, kupitia shirika lake la mazingira, EPA, hupanga kiwango cha uchafu kinachovumilika. Kwa ozoni, kiwango kilichowekwa mwaka 2015 ni sehemu 70 katika kila sehemu bilioni za hewa, wastani wa saa nane. Kila jimbo linatakiwa kuandika mpango wa kukifikia. Likizembea, adhabu ipo: viwanda vipya vikubwa vya eneo husika hulazimika kufidia tani mbili kwa kila tani moja watakayotoa, na baadaye fedha za barabara kutoka serikali kuu huanza kuzuiliwa.

Lakini jimbo limefungwa mkono mmoja. Haliruhusiwi kujitungia viwango vya injini mpya. Kazi hiyo ni ya serikali kuu, na California ndiyo pekee ambayo sheria iliipa nafasi ya kuomba ruhusa maalumu. Tena injini mpya si tatizo kubwa. Injini ya lori ya mwaka 1998 iliruhusiwa kutoa gramu 4 za oksidi za nitrojeni kwa kila nguvu farasi kwa saa. Kiwango kilichokamilika mwaka 2010 ni gramu 0.2, yaani kwenye karatasi lori moja la zamani ni sawa na malori ishirini mapya. Na dizeli haifi upesi. Ikitunzwa hufika maili milioni moja, na trekta la shamba linaweza kurithiwa na mjukuu. Kungoja injini hizo zife zenyewe ni kungoja miaka thelathini.

Kwa hiyo jimbo humwendea mwenye injini na kumwambia: iondoe sasa, kabla haijafika siku yake, nami nitakulipa kwa miaka uliyoipunguza.

California ilianza hivyo mwaka 1998 kwa programu yenye jina la Dk. Carl Moyer. Bodi ya jimbo ya rasilimali za hewa, CARB, huandika mwongozo. Wilaya za hewa 35 ndizo zinazopokea maombi, kukagua na kulipa. Texas ilifuata mwaka 2001 kwa mpango unaoitwa TERP, ulio chini ya tume ya mazingira ya jimbo, TCEQ. Mengi nitakayoeleza yanatokana na programu hizi mbili, kwa sababu ni za muda mrefu na wengine wameiga kwao.

Moshi unapimwaje

Hakuna anayefunga mfuko kwenye ekzosi yako. Hesabu hufanywa mezani kwa vitu vinne: gramu ambazo injini ya aina hiyo hutoa, ukubwa wa injini, inavyobebeshwa kazi kwa wastani, na masaa inayofanya kazi kwa mwaka. Kwa malori ya barabarani, maili huchukua nafasi ya masaa.

Chukua mfano wa trekta la nguvu farasi 150 katika Bonde la San Joaquin, California, lililotengenezwa kabla ya viwango kuwepo. Namba hizi nimezifanya nyepesi ili zishikike. Tuseme linatoa gramu 8 za oksidi za nitrojeni kwa nguvu farasi kwa saa, na jipya linatoa 0.3. Tofauti ni 7.7. Linafanya kazi nusu ya uwezo wake, masaa 800 kwa mwaka. Basi: 150 × 0.5 × 800 = 60,000; zidisha kwa 7.7 upate gramu 462,000. Hizo ni kilo 462 kwa mwaka, kutoka trekta moja.

Masizi ni machache zaidi. Tuseme la zamani hutoa gramu 0.4 na jipya 0.015, tofauti kwa mwaka ni kilo 23 tu. Lakini kanuni ya Carl Moyer huzidisha masizi mara 20 kabla ya kujumlisha, kwa sababu ya madhara yake kwa afya. Kilo 23 zinageuka 462, sawasawa na zile za gesi. Jumla ni kilo 924, ambayo ni zaidi kidogo ya tani moja ya Kimarekani (tani yao ni kilo 907).

Sasa njoo kwenye bei. Mwombaji anataka dola 80,000 kwa mkataba wa miaka mitano. Jimbo litapata tani tano na kidogo, hivyo kila tani inagharimu dola 16,000 hivi, ukiacha riba ya kimahesabu wanayoiongeza, ambayo mwombaji halipi. Mwongozo wa 2017 uliweka ukomo wa kawaida wa dola 30,000 kwa tani, na dola 100,000 kwa teknolojia safi zaidi. Trekta hili linapita bila taabu.

Jirani yake ana trekta lilelile, ila hulitumia masaa 200 tu kwa mwaka. Tani zinashuka hadi robo, na bei ya tani inapanda kupita dola 62,000. Atapewa pungufu sana, au hatapewa. Hapa ndipo manung'uniko huanza: "Yeye kapewa, mimi nimenyimwa, na matrekta yetu ni pacha." Matrekta ni pacha, moshi si pacha. Mwenye kutumia injini chakavu kila siku ndiye mwenye bidhaa ya kuuza. Mwenye kuiegesha bandani chini ya turubai hana.

Texas haitumii kanuni ya kuzidisha masizi. Yenyewe inahesabu hasa tani za oksidi za nitrojeni, kwa kuwa maradhi yake makubwa ni ozoni ya Houston na ya Dallas–Fort Worth. Ndiyo maana ombi linaloshinda California laweza kushindwa Texas, na kinyume chake.

Sharti linalowachanganya wengi kuliko yote

Jimbo halinunui moshi ambao sheria ilishakulazimisha kuuondoa. Ukiagizwa na mahakama kulipa deni, huwezi kumgeukia mdai wako ukadai bakshishi kwa kulilipa. Wenyewe husema upunguzaji lazima uwe wa ziada.

Angalia lori lenye injini ya 2006 likiwa Bakersfield, California. Kanuni ya jimbo hilo ilitaka malori ya dizeli yenye uzito wa zaidi ya pauni 14,000, kama kilo 6,350, yawe na injini za kuanzia 2010 ifikapo Januari 1, 2023, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya magari yanayotembea maili kidogo mno. Lori hilo halitakiwi kuwa barabarani kabisa, na ofisi ya usajili haitalisajili. Hakuna wa kulipa ruzuku, maana kwa mujibu wa sheria moshi huo haupo tena.

Lihamishe lori hilohilo Houston, ambako jimbo halina kanuni kama hiyo. Mwenyewe anaruhusiwa kuliendesha mpaka lichoke. Akikubali kuliondoa mapema, jimbo limepata kitu, na TERP inaweza kumlipa. Inaudhi kidogo, nakubali: jimbo lililokaza sheria linamwacha mwenye lori ajitegemee, lililolegeza linamlipa. Lakini kwa mantiki ya kununua moshi, ni sawa kabisa.

Kutokana na sharti hili huja jambo la muda. Kanuni mpya ikitangazwa kuanza baada ya miaka mitatu, upunguzaji unaohesabika ni wa miaka hiyo mitatu tu. Kila mwaka unaosubiri, bidhaa yako inapungua, hadi siku kanuni inapoanza ikabaki sifuri.

Fedha inatoka wapi

Kwa sehemu kubwa hutoka kwa wenye magari wenyewe. California hukata ada ya moshi kwa magari mapya yasiyolazimika kupimwa ekzosi bado, huweka ada kwenye matairi mapya, na tangu 2004 sheria inaruhusu wilaya kuongeza dola 2 kwenye usajili wa gari. Texas hutoza ada za hati za magari, usajili wa malori mazito na uuzaji wa mitambo mikubwa ya dizeli.

Serikali kuu nayo huchangia. Kwa sheria ya nishati ya 2005, lipo fungu la kupunguza moshi wa dizeli linaloitwa DERA, na asilimia 30 yake hugawiwa majimbo. Jimbo likiweka dola yake kwa kila dola ya mgao wa msingi, huongezewa nusu ya mgao huo. Kisha kuna fedha ya Volkswagen: kampuni hiyo ilipobainika mwaka 2015 kuwa iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi, ilitozwa, pamoja na mengine, mfuko wa takriban dola bilioni 2.9 wa kugawiwa majimbo. California ilipata kama dola milioni 423, Texas kama milioni 209. Fedha hiyo ilikwenda kwenye mabasi ya shule, malori ya bandarini, mitambo na vituo vya kuchajia.

Chanzo cha fedha si habari ya pembeni. Ndicho kinachoamua asilimia utakayolipiwa. Katika miongozo ya DERA, kubadilisha gari zima kwa dizeli mpya hulipiwa hadi asilimia 25 ya bei. Kwa injini iliyothibitishwa kuwa na oksidi kidogo zaidi, 35. Kwa gari la umeme, 45. Kufunga kichujio cha masizi kilichoidhinishwa kwenye gari lililopo kunaweza kulipiwa asilimia 100. Kwa hiyo anayesema "lazima ununue la umeme" anakosea, na anayesema "wanalipa lote" pia anakosea, isipokuwa kwa kichujio. Bei iliyobaki ni ya mwombaji. Kichwa cha trela cha dola 160,000 kikilipiwa asilimia 25, unabaki na dola 120,000 za kutafuta mwenyewe, na benki haitakukopesha eti kwa sababu jimbo limekupenda.

Maombi, hatua kwa hatua

Anza kwa kujua uko wilaya au kaunti gani, maana fedha hufuata maeneo yenye hewa chafu zaidi. Texas hudai gari litembee sehemu kubwa ya maili zake ndani ya kaunti zilizotajwa. Dereva wa safari za mbali anayelala Oklahoma leo na Tennessee kesho hafai, hata kama nyumba yake iko Houston. Anayefaa ni yule wa kokoto, saruji, makontena ya bandarini, takataka.

Kisha kusanya karatasi za miaka miwili iliyopita: hati ya umiliki, usajili, bima, na ushahidi wa matumizi. Ushahidi ni odometa au mita ya masaa ikiungwa mkono na risiti za mafuta na za gereji. DERA, kwa mfano, hutaka lori liwe limetembea angalau maili 7,000 kwa mwaka, na mitambo mingi isiyo ya barabarani iwe imefanya kazi masaa 500. Mita iliyokufa ni balaa. Itengeneze leo na uanze kuandika masaa kila mwezi, usingoje dirisha la maombi lifunguliwe.

Piga picha ya kibati cha injini kinachoonyesha mwaka, namba ya injini na familia yake, yaani kundi la injini zilizoidhinishwa kwa kibali kimoja cha moshi. Kibati kikiwa kimesuguliwa na grisi ya miaka ishirini hakisomeki, na bila hicho ofisa hawezi kujua gramu za kuhesabu. Muuza spea wa kampuni ya injini hiyo anaweza kukutolea taarifa kwa namba iliyochongwa kwenye bloku. Mwaka wa gari na mwaka wa injini hutofautiana mara nyingi. Lori la 2008 linaweza kuwa na injini ya 2007. Andika wa injini.

Pata profoma kutoka kwa muuzaji, ikitaja injini mpya kwa familia yake. Profoma ruksa, malipo ya awali marufuku. Peleka ombi. Mkaguzi atakuja kuona gari likiwashwa na likitembea. Ukishinda, utasaini mkataba, na tarehe ya saini ndiyo mstari: ukinunua siku moja kabla yake, umenunua kwa fedha yako.

Malipo huja baada ya kununua na kukaguliwa tena, kwa risiti. Programu nyingi huruhusu fedha iende moja kwa moja kwa muuzaji, na kwa mtu mwenye lori moja hilo ndilo la kuomba, maana kutoa bei nzima kisha kungoja miezi kunaweza kumfilisi. Halafu kila mwaka wa mkataba utapeleka ripoti ya maili au masaa. Kuna wanaopata fedha wakasahau ripoti, wakajikuta hawastahili kuomba tena.

Mambo mawili ya fedha. Fomu ya maombi ya jimbo haiuzwi. Anayekutoza "ada ya kufungua faili" ni tapeli au dalali. Na ruzuku inaweza kuhesabiwa kuwa mapato ya kutozwa kodi: ukiona fomu 1099-G, yaani taarifa ya kodi ya malipo uliyopewa na serikali, imefika mwezi wa kwanza, usiitupe pamoja na matangazo.

Injini ya zamani inakwenda wapi

Wasomaji wa Afrika Mashariki huuliza hili kwanza, na wana sababu. Magari mengi ya mitumba yanayozunguka kwetu yaliondolewa barabarani kwingine, na Kenya iliweka ukomo wa miaka minane kwa magari yanayoingizwa. Je, jimbo linalipa ili moshi uhamie Mombasa?

Kwa gari lililopewa ruzuku, jibu ni hapana. Likiuzwa na kuendelea kufanya kazi popote, moshi haukuondolewa, umesafirishwa, na kilichonunuliwa hakipo. Hata kuliuzia kaunti ya jirani hairuhusiwi. Linaharibiwa kwa namna isiyotengenezeka: bloku ya injini hutobolewa tundu la inchi tatu kwa tatu, na fremu ya chesisi hukatwa pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kiraka hakishiki kwenye tundu la ukubwa huo. Viti, taa, matairi na milango huweza kuuzwa kama spea, na chuma kilichobaki huenda kwa wanunuzi wa skrepa.

Kazi hii hupigwa picha, na picha hizo ni sehemu ya madai ya malipo. Kosa la kawaida ni kupiga picha ya tundu pekee. Ofisa anataka picha ya bloku ikionyesha namba ya injini, picha ya tundu, picha ya fremu kabla na baada ya kukatwa, na namba ya chesisi. Wenye yadi za skrepa hukata haraka na kulipakia gari kwenye kinu siku hiyohiyo, kwa hiyo piga picha za namba kabla msumeno haujawashwa.